Hodi ya Tatu Mlangoni kwa Bi Mize

Haya nilihadithiwa na Bi Time binti Songoro, siku ya arobaini ya marehemu kaka yangu, tukiwa tumekaa uani tunakatakata vitunguu vya pilau, mwaka ule mvua za vuli zilipokawia. Bi Time si mtu wa kutia chumvi maneno. Hata mchuzi wake watu huulalamikia. Yeye mwenyewe alikuwapo, ila pale palipokuwa patamu alikuwa amelala, kwa hiyo sehemu hiyo aliipata kwa Bi Mize, nami naiandika kama nilivyoipokea.

Kuna nchi inaitwa Jamhuri ya Visiwa Viwili vya Shakwe. Ina kisiwa kimoja. Maji yakijaa, bahari hupita katikati na kukata kipande cha mashariki, kikawa kisiwa cha pili kwa muda wa saa tano hivi, ndicho wanachokiita Shakwe Ndogo. Maji yakitoka, watu huvuka kwa miguu, viatu mkononi, na nchi hurudi kuwa moja. Lakini Katiba inasema ni viwili. Kwa hiyo Bunge hukutana maji yakijaa tu, na yakipwa katikati ya mjadala Spika huahirisha kikao, kwa kuwa nchi inayojadiliwa haipo.

Huko Shakwe Ndogo alikuwa anaishi Bi Mize binti Shaame, mjane, mtengenezaji wa achari ya ndimu, katika nyumba aliyozaliwa yeye, na mama yake, na bibi yake, na mama wa bibi yake. Ni nyumba ya mawe, mlango wa mbao nzito, baraza mbili. Ukiitazama hutasema kwamba historia yote ya taifa imepitia hapo. Lakini ndipo ilipopitia, na ilipita ikipiga hodi.

Waliotangulia kuja walikuwa Watu wa Kofia. Siku hiyo Bi Kazija, mama wa bibi yake Bi Mize, alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi. Ikaja sauti mlangoni: "Hodi!" Walikuwa na mkalimani, ndiye aliyewafundisha. Bi Kazija hakuinuka wala hakuuliza ni nani. Akajibu kama angejibu mtu yeyote aliyelelewa: "Karibu!" Wakaingia watu kumi na wanne, na bendera, na kiti chao wenyewe. Bi Kazija alipotokea na mikono yake ina machicha, wakasimama kwa heshima. Akawaambia, "Starehe, starehe." Karani wao akaandika kwenye daftari: *Mtawala wa nchi ametukaribisha kwa hiari yake, na ametusihi mara mbili tusiinuke.* Hawakuinuka miaka thelathini.

Kisha Watu wa Kofia wakashindwa katika vita fulani vya mbali, ambavyo hata samaki wa Shakwe hawakuvisikia, na walioshinda wakapewa kisiwa. Hao walikuwa Watu wa Soksi Ndefu, na walikuwa watu wa sheria. Walilisoma daftari, wakaona namna nchi hii inavyoingiwa, wakaenda mlango uleule wakapiga hodi. Safari hii alikuwapo Bi Mwanapili, bintiye Bi Kazija, anapepeta mchele. "Karibuni," akasema, "piteni ndani, msisimame juani." Wakaingia, wakaandika kwamba wenyeji wameomba kukingwa na jua, wakaitangaza Shakwe kuwa Nchi ya Kulindwa. Ililindwa miaka hamsini.

Mwisho hata wao wakachoka kulinda. Chama cha Ukombozi kikashona bendera, kikanunua ngoma mpya, na Gavana akaja kuaga rasmi mlango alioingilia mwenzake. Akavua kofia, akasema, "Kwaheri, mama." Bi Mwanapili alikuwa kikongwe sasa, lakini malezi hayazeeki. Akajibu, "Mbona mapema? Si mngengoja mkala?"

Gavana akamtazama mkalimani. Mkalimani, mtu mwaminifu, akatafsiri. Gavana akakaa.

Uhuru ulicheleweshwa miaka miwili. Bendera ikakunjwa, ngoma zikarudishwa stoo, na viongozi wa Chama wakawa wanakuja kila wiki kumpigia magoti yule mzee. "Bibi, akiinuka leo nyamaza tu, kwa jina la Mungu." Naye akaahidi kweli. Lakini Gavana kila akiinuka na kusema anakwenda, mdomo wa Bi Mwanapili unafunguka wenyewe: "Ah, mara hii? Na chai je?" Shakwe ilipata uhuru siku Bi Mwanapili alipokwenda harusini mtaa wa pili.

Serikali ya kwanza ilijifunza. Katika wiki yake ya kwanza, kabla ya shule na kabla ya maji ya bomba, ilipitisha Sheria ya Hodi na Karibu. Raia yeyote alikatazwa kutamka "karibu" bila ya kibali cha Wizara. Watu wakaanza kukaribishana kwa kukohoa. Kikohozi kirefu maana yake pita. Kifupi, ngoja nijifunge kanga. Wizara ya Afya ikatangaza mlipuko wa kifua na kuomba msaada nje ya nchi, na msaada ukaja, dawa za maji makasha mia nne, zikanywewa na mawaziri.

Nyumba moja tu haikuhusika na katazo hilo. Mahakama Kuu ilikaa siku tisa ikaamua kwamba, kwa kuwa nchi imechukuliwa mara mbili kwa karibu ya mwanamke wa ukoo ule ndani ya nyumba ile, basi karibu hiyo ndiyo muhuri wa taifa, na hakuna mgeni atakayeingia kihalali bila ya hiyo. Bi Mize akatunukiwa nishani. Akakatazwa kusafiri. Juu ya mlango wake kikapigiliwa kibao: LANGO LA TAIFA. USIPIGE HODI.

Basi ikawa miaka thelathini hakuna aliyepiga hodi mlangoni kwa Bi Mize. Majirani walipita mlango wa jikoni, kimyakimya kama paka. Kuku walimzoea, watoto walimzoea, naye akaizoea nishani, akawa anafunikia chupa za achari. Lakini alimwambia Bi Time siku moja kwamba akikaa peke yake adhuhuri huhisi kama amesikia mtu mlangoni, na koo likamwasha.

Jumatatu moja Waziri wa Makaribisho, Mapokezi na Mambo ya Mlangoni, Mheshimiwa Vuai Mtumweni, alikuja akapita jikoni, suti yake ikashika masizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa kwenye kibao hicho, kile kingine kibovu."

Waziri akakaa kwenye kile kibovu, kwa kuwa hakuzoea kuambiwa. Akainuliwa, akapanguswa, akaendelea. "Mama, taifa linakuhitaji."

"Lina nini tena?"

"Lina bahati. Watu wa Miwani wameipenda Shakwe Ndogo. Wanaitaka kwa miaka tisini na tisa. Na wameipenda, mama, ilivyo safi. Bila ya watu."

"Na sisi watu?"

"Nyinyi mnapelekwa Sehemu Bora."

"Ndiyo wapi?"

"Ndilo jina lake, mama. Sehemu Bora."

Bi Mize akaendelea kukata ndimu zake kama mtu asiyesikia vizuri. "Na hao wageni, wanakuja kufanya nini hapa?"

Waziri akashika kifua. "Mama! Wewe, mtoto wa nyumba hii! Ni adabu kumuuliza mgeni anakuja kufanya nini?"

Bi Mize akachukua ndimu nyingine, kwa sababu kweli si adabu.

"Na kaburi la mama yangu, hapo nyuma ya kisima?"

"Litatunzwa kuliko yote. Litamwagiwa saruji, nene, ya kisasa. Litakuwa chini ya uwanja wa ndege. Wangapi mama zao wanapata hivyo?" Akainuka. "Alhamisi saa nne, maji yakiwa yamejaa, Mkuu wao atapiga hodi mara tatu kwa mujibu wa mila. Kajifunza miezi mitatu. Wewe sema neno lako moja tu. Ukisema la kwanza, la pili au la tatu, yote sawa. Tumekuachia uhuru wa kuchagua."

Sheha wa mtaa alikuwa Faki Kombo, aliyemwoa marehemu dada yake Bi Mize, mtu mwembamba, mtani mkubwa, mwoga. Jumanne alikwenda kuikagua Sehemu Bora kwa niaba ya wananchi mia tatu na kumi na wawili. Akarudi amelowa mpaka kiunoni, akakaa jikoni kwa shemeji yake bila ya kukohoa.

"Haya, kukoje?" akauliza Bi Time, ambaye nyumba yake na ya Bi Mize zinagusana ukuta.

"Kuna fungu la mchanga. Maji yakipwa, ni kuzuri. Kuna kibao: Sehemu Bora. Kuna choo, kimeshajengwa."

"Na maji yakijaa?"

"Kibao kinaonekana. Choo kina pweza."

Kisha Bi Time akasema, "Shoga, dawa yake ndogo. Alhamisi kaa kimya."

"Nikae kimya?" Bi Mize akaweka kisu chini. "Mtu asimame mlangoni kwangu, apige hodi, mimi nipo, nikae kimya? Nani kanilea mimi, Bi Time? Mbuzi?"

"Mtu mwenyewe anakuja kukutoa!"

"Akishaingia, tutagombana. Lakini mlangoni hapana."

"Mlangoni ndipo penyewe, wewe mwanamke! Bibi yako alisema neno moja la chai tukakaa na Gavana miaka miwili!"

Wakaamua kumfundisha. Bi Time akatoka nje ya mlango wa jikoni, akaufunga, akaita, "Hodi!"

"Karibu!"

"Mize!"

"Imenitoka. Rudia."

Mara ya pili akajaza pindo la kanga mdomoni mpaka mashavu yakavimba. "Hodi!" "Ahiu!" likatoka kupitia kwenye kanga. Mara ya tatu Sheha Faki akasema aachiwe yeye, atafanya sauti nzito ya kigeni, na Bi Mize afikirie saruji, saruji tupu, juu ya mama yake. Bi Mize akafumba macho, akafikiria saruji mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hodi, wenyewe?"

"Karibuni, piteni ndani, msisimame juani."

"Sasa ndiyo kaongeza!" Bi Time akapiga paja.

Sheha akafungua mkoba wake. Kila sheha alipewa kitabu cha Sheria, na Faki alikuwa na desturi ya kukisoma akiwa na hofu, kwa hiyo alikijua chote. "Hata angeweza kunyamaza, haisaidii," akasema. "Kifungu cha kumi na tatu. Mwenye nyumba aliye macho akasikia hodi na asijibu, amemfungia mgeni mlango. Jela miaka sita, na nyumba inajibiwa na Serikali kwa niaba yake."

"Basi tumekwisha," akasema Bi Time.

"Ngojeni. Kifungu cha kumi na nne." Akavaa miwani. "'Mwenye nyumba akiwa amelala, hana kosa. Hata hivyo, jirani yeyote aliye macho anaweza kumjibia.' Na cha kumi na tano: 'Mgeni aliyepiga hodi tatu pasipo jibu atarudi alikotoka.' Na baada ya hodi ya tatu Karani wa Wizara atapita na unyoya wa kuku, atie watu puani, aone kama wamelala kweli. Anayejifanya, miezi kumi."

"Wakirudi si watakuja kesho yake?" akauliza Bi Time.

"Kesho yake Ijumaa wana kisiwa kingine cha kutazama. Na meli yao imekaa ndani sana ya maji, haikai pale mkondoni maji yakipwa. Wameandika Alhamisi, ni Alhamisi."

Bi Mize akatazama mikono yake. "Kwa hiyo nilale. Saa nne ya asubuhi."

"Ulale. Na Bi Time alale. Na mimi nilale, na mwalimu wa chuo cha Kurani, na wagonjwa, na watoto, na yule Bi Subira anayependa kujibia watu. Mtaa mzima, wa kweli, wa kukoroma."

"Shemeji, mimi tangu niache kunyonya sijawahi kulala mchana."

"Basi hiyo Alhamisi ndiyo utaanza," akasema Sheha.

Alhamisi saa moja na nusu masufuria manne yalikuwa yameteremshwa. Wali wa nazi, tui la kwanza, halikuongezwa maji. Kunde. Papa mkavu wa kukaanga kisha akarostiwa. Ndizi za sukari za nazi. Na togwa pipa zima, iwalaze na wasio na njaa. Watu walikula kwa uzalendo. Mzee mmoja aliomba ruhusa ya kupumzika akakatazwa mpaka amalize sahani ya tatu. Saa tatu na nusu watoto wa chuo walikuwa wamelaliana kama mikungu ya ndizi, mwalimu wao juu. Bi Subira, aliyeapa kwamba yeye hatalala kwa kuwa ana hamu ya kuona, alionekana amelala wima kwenye nguzo, wakamlaza. Bi Time anakumbuka aliegemea mto ili avue hereni, na hereni ya pili hakuivua.

Sheha Faki alikuwa wa mwisho kupita kwa shemeji yake. "Vipi?"

"Nimekula sahani mbili na nusu," akasema Bi Mize, amelala chali kitandani, mikono juu ya tumbo. "Macho makavu kama ya dagaa."

"Hesabu ndimu."

"Nimehesabu. Nikakumbuka sijazigeuza."

"Mungu akusaidie, shemeji," akasema Sheha, akapiga miayo mikubwa mitatu, akaondoka akigongagonga kuta kama mlevi, na haikupita muda ukasikika mkoromo wake, mwembamba kama yeye.

Saa nne kamili zikaja ngalawa tatu. Aliteremka Mkuu wa Watu wa Miwani, mtu mkubwa mwekundu, mpole, anayesalimia hata kuku. Nyuma yake Waziri na karatasi zake, Karani wa Wizara, mzee mwenye mvi aliyeshika unyoya ndani ya bahasha, na beni ya polisi sita. Kibao cha USIPIGE HODI kikafunikwa kitambaa kwa mujibu wa kanuni. Mgeni akawekewa kiti barazani. Wakashangaa kidogo kwamba hapana mtu njiani, lakini Waziri akaeleza kuwa wananchi wamejifungia ndani kwa furaha.

Mgeni akaenda mlangoni, akavuta pumzi. "Hodi!"

Miaka thelathini. Bi Mize alihisi neno likipanda kutoka tumboni, likipita juu ya wali na kunde. Akajigeuza kifudifudi, akaung'ata mto. Hakusema. Jasho lilimtoka mpaka visiginoni.

Nje mgeni akarudi kwenye kiti. Sasa, mila inataka pawe na nafasi kidogo baina ya hodi na hodi, mtu apate kuvaa. Wizara kwa kuona nafasi hiyo inapotea bure iliijaza hotuba. Waziri akafungua karatasi.

"Mheshimiwa Mgeni! Ukarimu wetu haukuanza jana. Ukarimu wetu ulianza juzi, na kabla ya juzi. Sisi tulitawaliwa kwa karibu, hatukutawaliwa kwa risasi kama wengine wasio na malezi! Nchi gani nyingine inaweza kusema mbele ya dunia kwamba mkoloni wake alipotaka kuondoka ilimwambia ngoja ule?" Beni ikapiga kidogo. Akaendelea, dakika arobaini.

Hodi ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu mgeni joto lilikuwa limempiga na sauti yake ilikuwa imenyong'onyea, kama ya mtoto aliyetumwa na hakupewa alichotumwa. "Hodi," akasema, "hodi, mama?" Huruma ikamwingia Bi Mize moja kwa moja. Mto ukamtoka mdomoni.

"Ka—"

Akauziba mdomo kwa mikono miwili.

"Amesema ka!" Waziri akaruka. "Karani, andika! Amesema ka!"

Karani akafungua kitabu taratibu, akalamba kidole, akageuza kurasa. "Ka si neno, Mheshimiwa. Sheria inataka neno zima. Inawezekana ni kikohozi. Wananchi wetu wana kifua."

"Basi tuendelee. La tatu atalimaliza." Waziri akatazama saa, akatazama bahari. Maji yalikuwa bado yamejaa, muda ulikuwapo. Angeweza kuifupisha hotuba ya pili. Lakini ilikuwa imeshapigwa chapa, na alikuwa ameiandika mwenyewe.

"Mheshimiwa Mgeni! Naomba sasa nikueleze Mpango wetu wa Maendeleo wa Miaka Mitano, wa Awamu ya Sita, ambao ni muendelezo wa Awamu ya Tano kabla haijaanza. Mpango una nguzo kumi na nane. Nguzo ya kwanza ina vipengele saba. Kipengele cha kwanza, kifungu kidogo cha kwanza: Utangulizi wa Utangulizi."

Kwenye nguzo ya pili mpiga tarumbeta alikaa chini. Kwenye nguzo ya nne polisi wote sita walikuwa wamelala, mmoja ndani ya ngoma. Kwenye nguzo ya saba, Mikakati ya Kuandaa Mikakati, Karani aliyekwisha kuzisikia hotuba mia mbili za namna hiyo akiwa macho na aliyekuwa anasubiri kustaafu, aliuegemea ukuta akajiachia. Mgeni alivumilia sana, na hiyo lazima isemwe. Hakuelewa hata neno, lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima kila Waziri akipaza sauti, na mtikiso ukawa unapungua, unapungua, mpaka kichwa kikaenda chini mara moja na hakikurudi.

Waziri hakuona. Msomaji wa hotuba haangalii watu. Alisoma mpaka nguzo ya kumi na nane, akasoma shukurani, akasoma jina la mpiga chapa, akafunga karatasi akasema kwa sauti kubwa, "Na sasa, Mheshimiwa Mgeni, hodi ya tatu!"

Ndipo akatazama.

Mgeni alikuwa amelala kwenye kiti, mdomo wazi, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Waziri akamwendea. Akakohoa. Akanyoosha mkono amguse bega, mkono ukasimama hewani. Na yeye, pamoja na suti yake, alizaliwa Shakwe. Na yeye alikuwa na mama, na mama yake alimchapa mara moja tu maishani, siku alipomwamsha mjomba aliyekuja mgeni. Mgeni aliyelala haamshwi. Hapakuwa na haja ya kutazama kitabuni.

Alijaribu kuzunguka. "Mheshimiwa?" akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike. Akamtikisa Karani, Karani akageukia upande wa pili. Akatazama bahari: mchanga ulikuwa umeanza kuonekana kwenye mkondo, na kule mbali meli ya wageni ilikuwa inapiga honi kwa wasiwasi. Akafikiri apige hodi yeye mwenyewe. Lakini yeye si mgeni. Angejibiwa, angekuwa amejikaribisha mwenyewe, na kesi yake ingekwenda Mahakama Kuu siku tisa. Basi akakaa kwenye ukingo wa baraza, angoje mtu yeyote aamke. Akafungua hotuba ili apitishe wakati. Alifika nguzo ya pili.

Ndani, Bi Mize alikuwa bado anangoja hodi ya tatu. Alikuwa ameshika mbao za kitanda kwa mikono yote miwili. Haikuja. Akasikiliza. Hakusikia hotuba, wala kuku, wala mtoto analia, wala mtwangio wa mtu. Mkoromo tu, nyumba hadi nyumba, mtaa mzima. Akainuka. Akaenda dirishani akafungua ubao kidogo.

Akamwona mgeni. Jua lilikuwa limezunguka upande wa baraza na lilikuwa linampiga usoni, na shavu moja limekuwa kama pilipili.

Kisha akaufungua ule mlango wa mbele, ambao hakuufungua miaka thelathini, ukalia, hakuna aliyeamka. Akampita Waziri, aliyelalia karatasi zake. Akavua kanga yake ya juu, akaitandaza kwenye mgongo wa kile kiti, akaivuta mpaka ikamfunika mgeni kichwa, akamwekea kivuli vizuri, na ile miwani akamwondolea akamwekea mapajani isije ikaanguka. Akawa ameinama karibu kabisa na sikio lake. Mdomo ukafunguka.

Akaufunga.

Akanyanyua macho. Mkondoni maji yalikuwa yamekwisha. Ngalawa tatu zimelala ubavu kwenye matope, na meli kule nje imegeuza, inakwenda zake, inatoa moshi, huku mkuu wake yuko hapa amefunikwa kanga. Kati ya Shakwe Kubwa na Shakwe Ndogo ilikuwa nchi kavu tupu. Hodi ya tatu haikupigwa, na Alhamisi ilikuwa imekwisha kwa upande wa kazi.

Bi Mize akarudi ndani, akaurudishia mlango bila ya kuutia komeo. Akapita uani, akafika nyuma ya kisima, akaondoa majani mawili makavu juu ya kaburi la mama yake. Akanawa miguu. Mwili ulikuwa mzito sasa, wali wote wa asubuhi umemfikia mara moja, na miguu ilikuwa inakwenda kitandani yenyewe. Akajilaza ubavu, akavuta shuka. Aliwaza kwamba wakiamka watu wote hawa watakuwa na njaa, wenyeji na wageni, na lazima mtu apike. Akawaza kama kunde zilibaki. Na kabla hajapata jibu akalala.